Dar bila Coco Beach

Semina jana iliahirishwa, nikajikuta na siku nzima sina kazi. Wenzangu wakakimbilia Mlimani City, mimi nikashuka Feri asubuhi na mapema. Mnada wa samaki ule, jamani! Dalali anataja bei haraka haraka, mama lishe wanapandisha, mimi nimekunja suruali nakwepa maji. Nikainua mkono kumsalimia jamaa, kumbe nimenunua fungu la vibua! Mama mmoja mkaangaji akaniokoa: akachukua fungu lote, akanipa wanne na ugali.

Halafu pantoni hadi Kigamboni, shilingi 200, nimebanwa kati ya bodaboda na tenga la kuku. Jogoo mmoja alinikodolea macho safari nzima. Jioni Kariakoo, nikapotea mara mbili Mtaa wa Kongo. Viatu mpaka leo vinanuka shombo.