Nilivyochora ramani ya pwani ya Kaole mpaka nikaelewa bahari ilipokuwa

Nafundisha jiografia sekondari hapa Bagamoyo, na kila nikiwapeleka wanafunzi magofu ya Kaole swali ni lile lile, mwalimu si umesema hii ilikuwa bandari, sasa bahari iko wapi? Maana ukisimama pale kwenye msikiti wa karne ya 13 na yale makaburi ya nguzo, upande wa bahari unaona mikoko tu. Nilikuwa nawajibu tope lilijaa, basi. Ila lilijaa vipi, likaanzia wapi, hilo sikuwa nalo, na lilikuwa linanikera kweli.

Likizo ya mwezi wa sita nikaamua kuchora ramani ya jiomofolojia ya kile kipande. Hii siyo ramani ya barabara na nyumba, hii unachora maumbo ya nchi yenyewe, hapa tuta la mchanga, hapa tope, hapa mkondo uliokufa, halafu kila umbo unaandika limetengenezwa na nini na lipi limetangulia lipi. Hilo la kutanguliana ndo roho ya kazi yote, bila hivyo unakuwa umepaka rangi tu.

Nikaanza na laptopu. Nikashusha data za mwinuko ambazo Wamarekani walizipima kwa rada kutoka angani Februari 2000, ni za bure, nikazifungua kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani, nayo ya bure, nikaona kilima kirefu kimelala kando ya bahari. Siku mbili nahangaika na hicho kilima, naishi hapa miaka yote na sijawahi kukipanda, ndo nikastuka kwamba ile rada ilikuwa inagonga majani kabla ya kufika chini, kwa hiyo kilima changu ni vichwa vya mikoko. Data hizo kwa milima kama Uluguru au Usambara zinafaa sana, ila kwa pwani iliyolala kama yetu mita chache za mti zinakupoteza kabisa.

Nikahamia kwenye picha za satelaiti. Nikaweka ya zamani na ya karibuni, nikaona bahari imerudi nyuma mbali mno, nikashangilia, kumbe moja ilipigwa maji yamejaa na nyingine yamekupwa, na huku kwetu siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakitoka ufukwe unakuwa kiwanja cha mpira. Tangu hapo sifuati mstari wa maji, nafuata mstari wa miti, mahali mikoko inapoishia. Huo haubadiliki asubuhi na jioni, unabadilika kwa miaka.

Kilichobaki ilikuwa mguu. Katikati ya mikoko kwenye picha kulikuwa na mabaka meupe na mimi nilishayaandika "tuta la mchanga", nikayafuata kwa miguu siku ya maji mafu, yaani bahari haijai sana wala haikupwi sana, nimevaa viatu vya mpira, na mpira mwembamba wa maji ule wa mafundi ujenzi wanaochukulia levo. Njiani nikakutana na mzee mmoja mvuvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unapima kiwanja huku?"

Nikamweleza, akacheka, akanishika mkono mpaka kwenye lile baka. Nikainama. Hamna mchanga. Tope limekauka, limepasuka vipande vipande kama chungu kibovu, na juu yake ukungu wa chumvi unaong'aa, ukiulamba unasikia. "Hili ni jangwa," akasema, "maji yanafika bamvua tu, yanakauka yanaacha chumvi, mkoko hauwezi." Halafu akanionyesha visiki viwili nyuma yetu, upande wa nchi kavu kabisa. "Na ile ni mililana. Mlilana ndo mti wa mikoko unaotangulia baharini, wenzake wanakuja nyuma. Ukiona kisiki chake huku ujue mbele ya bahari ilikuwa hapa."

Nilisimama pale muda mrefu. Miezi miwili nimetafuta utaratibu wa umri na ulikuwa umesimama kwenye miti! Mlilana mbele, nyuma yake mkoko wenyewe, halafu mkandaa, nyuma jangwa, kisha tuta la mchanga wenye nazi na magofu. Tope linatulia, mlilana unashika, mizizi inanasa tope zaidi, nchi inainuka kidogo, mti wa nyuma unachukua nafasi, na mbele mlilana mpya unaingia majini. Nikapima kwa ule mpira, jangwa liko juu kidogo kuliko tope la mbele, tuta liko juu ya vyote. Vyombo vya Kaole havikukimbiwa na bahari siku moja, vilizibiwa njia mti kwa mti.

Na hii ni hadithi fupi tu ya karne chache. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, Unguja ilikuwa imeungana na bara, ungeenda kwa miguu. Wanafunzi ukiwaambia hivyo darasa linanyamaza.

Ramani nikairudia yote kwa mkono, mabaka nikayapaka kijivu badala ya njano. Nikampelekea mzee aione. Akaitazama, akaweka kidole kwenye nafasi niliyoiacha tupu karibu na magofu, akasema hapa palikuwa na mkono wa maji, babu yake alikuwa anapitisha ngalawa. Nimeuchora kwa nukta nukta. Bamvua ijayo nakwenda na mpira wangu kuona kama pale chini pamebonyea.