Akiwasikiliza na Kuwauliza Maswali
Somo: Luka 2:41–52

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Simama asubuhi kando ya barabara pale Pasua au Majengo, hapa Moshi, uwatazame watoto wakienda shule. Wa darasa la kwanza wanakimbia, mabegi yakiwagonga migongoni. Wa kidato cha pili wanajikokota kama waliotumwa kulipa deni la mtu mwingine. Na ada katika shule za serikali ilishafutwa tangu 2016 hadi kidato cha nne, kwa hiyo si ada inayowavunja moyo.

Sisi wazazi tunasema ni simu, ni makundi, ni balehe. Sikatai. Lakini mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, halafu anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Yule aliyekuwa akinyoosha kidole mpaka anainuka kwenye dawati, sasa ananyamaza asije akachekwa. Ananakili ubao mzima, haelewi. Ukimya huo ndio tunaouita uvivu! Akirudi nyumbani, tunamuuliza amekuwa wa ngapi.

Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili, karibu umri wa watoto wetu wa darasa la saba, alipokutwa hekaluni "ameketi katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali." Waalimu wale hawakumfukuza. Hawakumwambia asubiri akue. Walistaajabia fahamu zake na majibu yake, maana yake walimpa nafasi ya kusema.

Mariamu naye alikuwa amemtafuta kwa huzuni, na mama yeyote anajua hasira ya namna hiyo. Hata hivyo alianza na "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Aliuliza. Jibu alilopewa hakulielewa, Luka anasema wazi, lakini aliyaweka hayo yote moyoni. Mzazi ambaye hakusoma sekondari asione aibu hapo: si lazima uielewe fizikia ndipo umsikilize mwanao akieleza inavyomshinda.

Wiki hii, kwenye jumuiya, naomba vijana wa sekondari waongoze somo, na maswali yao yaulizwe kwanza. Hata yale ya Nuhu na dinosaria, ambayo wazee huwa tunayazima kwa pambio.