Jim si angeruka tu?

Mtoto wa dada yuko likizo kwangu, juzi kaja na kitabu mkononi kakunja uso, "Anko, huyu Jim hana akili, si angeruka tu!" Nikacheka, maana nilishajua kafika wapi.

Darasa la sita mwalimu wa Kiswahili alikuwa anatusomea kitabu hicho hicho, Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson, kile kilichotafsiriwa, kipindi cha mwisho Ijumaa. Mambo ya ramani na meli yalipita fasta. Siku hiyo tukafika pale kijana Jim Hawkins ni mateka wa maharamia ndani ya boma, Dokta Livesey, mtu wa upande wake, yuko nje ya uzio, na Long John Silver, lile jambazi la mguu mmoja, kawaachia waongee, yeye kasogea kakaa kwenye kisiki anapiga mluzi. Dokta anamwambia ruka tukimbie, lawama zote nabeba mimi. Jim anagoma, eti kashamwahidi Silver hatatoroka.

Mwalimu akafunga kitabu, kidole kakiacha ndani. "Nani angeruka?" Mikono juu darasa zima, kasoro binti mmoja wa dawati la nyuma ambaye hata kujibu "nipo" kwenye rejista alikuwa anaona haya. Akasimamishwa. Anavuta uzi wa sweta, anavuta, sisi tunacheka chini chini.

"Mwalimu, si ametoka kuitwa mwoga sasa hivi? Mpaka kalia. Akiruka si ndo atakuwa mwoga kweli?"

Mwalimu akarudi ukurasa nyuma, anasoma kimya midomo inacheza. Kweli bwana! Dokta kamchana Jim kwamba kuwatoroka wenzake nahodha akiwa hoi ulikuwa uoga mtupu, na mtoto kaangua kilio. Wote tulisomewa hayo dakika chache tu nyuma, tukayapita, tulikuwa tunasubiri bunduki zilie.

Ubishi ulitoka na sisi mpaka barabarani. Wengine wakasema anamlinda Silver, maana usiku wa jana yake ndiye aliyemkingia kifua Jim maharamia wenzake walipotaka kumuua. Mimi nikamwambia yule binti ahadi kwa muuaji sio ahadi. Akanijibu, "We hujawahi kuitwa mwoga na mtu unayemheshimu," akakata kona kwao.

Nimeisoma tena ukubwani, na kinachonivuruga ni kule mwisho. Silver anatoroka usiku na gunia la hela bila kuaga, na Jim, pamoja na yote aliyomshuhudia akifanya, bado anatumaini mzee yuko mahali anakula maisha. Hiyo sasa ni huruma, ama nini?