Siku Moja Wodini: Mzee wa Kitanda cha Nne

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimo ferini, navuka kutoka Likoni. Mawazo yangu yako kitanda cha nne.

Saa moja napokea zamu. Mzee wetu, mvuvi, juzi alitolewa sehemu ya pafu yenye uvimbe. Madaktari walipitisha kamera na vyombo kwenye matundu matatu madogo baina ya mbavu, bila kuzipanua. Mbavu zisipopanuliwa maumivu hupungua, mgonjwa akaweza kukohoa na kuvuta pumzi ndefu. Makohozi yakikwama ndani, nimonia haiko mbali.

Saa mbili na nusu. "Shikamoo baba. Hebu kohoa."

"Marahaba mwanangu."

Akohoa huku natazama chupa ya mrija wa kifuani, ule unaotoa hewa na majimaji yaliyobaki kando ya pafu. Maji yapanda na kushuka kwa pumzi zake, lakini povu hata moja halitoki. Pafu halivuji hewa tena. Moyo wangu watulia.

Saa tatu twatembea ukumbini, chupa nimeishika chini ya usawa wa kifua.

"Sista, aliyekatwa pafu hutembezwa hivi?"

"Ndiyo baba. Jana ulifika mlangoni, leo twende dirishani."

Afika, arudi, ataka tena.

Saa tano mpasuaji aja kutoa mrija. "Vuta pumzi, izuie!" Watoka, uzi wakazwa, kidonda chafunikwa. Eksirei ya saa saba yaonyesha pafu limejaa vizuri. Aweza kwenda nyumbani.

Saa nane nakaa na binti yake, na hapa sikubali kuharakishwa. Niliwahi kumwachia mama mmoja aende bila kuuliza nani atakuwa naye. Alilala tu, akaacha dawa za maumivu, akaogopa kukohoa. Siku ya nne alirudi na homa. Basi nauliza yote: nani yupo usiku, ngazi ni ngapi, gari litapatikana? Dawa ni kwa saa zake, asingoje aumie. Atembee kila siku, asibebe mzigo mzito, asiingie baharini kabla vidonda havijafunga. Pumzi ikimbana, homa ikipanda, usaha au damu ikitoka, au ngozi ya kifua ikivimba na kutoa mlio kama wa mchanga ikibonyezwa, waje mara moja, hata usiku wa manane.

Binti arudia yote kwa maneno yake. Nilipomsikia vizuri ndipo nikatia sahihi.

Saa kumi jioni mzee apanda tuktuk, mto ameukumbatia kifuani ili akohoe bila kuumia. Nambari ya binti nimeiandika kwenye daftari langu. Nitapiga kesho saa tatu.