Ile +1 kwenye fomula ya kifua

Wiki hii nzima kichwani mwangu kuna namba moja tu. Imekaa mwishoni mwa fomula ya gauni: kifua/4 + 1. Fundi yeyote hapa Kampala anaijua hesabu hiyo. Unagawa kifua kwa nne, unaongeza inchi moja ya nafasi, mteja anapata pa kupumulia. Mwenye kifua cha 36 robo yake ni 9, ukiongeza 1 ni 10, na gauni zima linazunguka inchi 40.

Fundi mwenzangu, mkataji hodari ambaye maisha yake yote amechora kwenye karatasi ya kaki, aliihamishia hesabu hiyo kwenye Seamly2D, programu ya kompyuta ya kuchora patani, ndani ya patani iliyofunguliwa kwa sentimita. Kifua kikasomeka 91.44, robo yake 22.86, sawa kabisa. Kisha ikaja ile +1, na kompyuta ikaongeza sentimita moja. Gauni likatoka na mzunguko wa 95.44, yaani inchi 37 na nusu na kidogo. Sentimita sita zimeyeyuka na kwenye skrini hakuna mstari hata mmoja uliopinda.

Hapo ndipo panaponiumiza roho. Mtu akiingiza kiuno cha 30 akidhani ni inchi, kumbe faili ni la sentimita, patani inatoka nyembamba kama utepe na hata mwanafunzi wa juzi atauliza kulikoni. Hii ya +1 inatoka ikiwa gauni zuri tu.

Bahati tulishona kwanza kwa amerikani, kwa sababu vitenge vya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwao binti, vilikuwa tayari mezani, vimenunuliwa kwenye maduka ya vitambaa ya Kiyembe kwa pesa ya watu, na kitenge kikishapita mkasi hakirudi dukani. Binti aliyelijaribu alisimama mbele ya kioo, likamkaa vizuri, tukalisifu. Nikamwambia, "Hebu inua mikono kama unayejifunga kilemba." Kitambaa kikakaza mgongoni, nyuzi zikaanza kuonekana kwenye mshono wa kwapa, akashusha mikono upesi. "Dada, linanibana hapa." Mabega nayo yalikuwa na kasoro yake: ncha ya bega, pale mkono unapoanzia, ilibaki imenyanyuka. Mteremko wa bega ulioandikwa 1.5 ulitakiwa kuwa inchi moja na nusu, karibu sentimita 3.8.

Shingo ilikaa sawasawa. Nikaitazama fomula yake: kifua/12, basi. Ndipo mchoro wote ukaeleweka. Palipogawanywa pamesalimika, kwa maana robo ni robo kwa kipimo chochote. Palipoongezwa au kupunguzwa namba tupu pameharibika. Tukapitia faili mstari kwa mstari tukitafuta kila + na kila -. Kazi ya kuchosha macho, lakini niliifanya kwa moyo.

Sasa kwenye mafaili yetu hakuna namba tupu inayokaa ndani ya fomula. Nafasi ya kifua ina jina lake kwenye jedwali la vigezo, thamani yake imeandikwa 2.54, na pembeni kuna maelezo: inchi moja. Mteremko wa bega vivyo hivyo. Fundi mwenzangu anaona ni maandishi mengi. Namwelewa, ila sikubaliani naye. Mkono wake unakumbuka inchi hata asipoiandika. Faili halina mkono.

Sioni haja ya kumlazimisha aache inchi. Vijana wanatoka shuleni na sentimita, wazee wanapima kwa inchi, kitenge kinauzwa kwa yadi, na yadi sita ni pungufu ya mita sita kwa nusu mita na ushee, kipande kinachotosha mikono miwili ya gauni. Tutaishi na vipimo vyote hivi. Kila kimoja kiandikwe jina lake, hata kwenye ujumbe wa simu mteja anapotuma "kifua 92, kiuno 30" akiwa amegeuza futi ya kupimia, kutoka upande wa sentimita kwenda wa inchi, katikati ya kupima.

Kilichobaki ni uchapaji. Patani tuliyoletewa imepangwa kwa karatasi ya Letter ya Marekani, yenye upana wa milimita 216, na A4 yetu ina 210. Mashine ikiachiwa ibane ukurasa ili utoshe, kila kitu kinashuka hadi asilimia 97 hivi, na zile inchi 40 zinakuwa kama 39. Kwa hiyo nimechora mraba wa sentimita 10 kwenye ukurasa wa kwanza. Kijana anayepeleka faili Nasser Road, mtaa wa wachapaji, ataondoka na futi mfukoni, achapishe ukurasa huo peke yake, aupime palepale kaunta, ndipo alipie zilizobaki.