Siku niliyokoma kusema "shusha mabega"

Saa kumi na moja alfajiri

Kengele ya simu imelia mara mbili. Leo ni siku ndefu: vipindi viwili asubuhi, mafunzo ya walimu kuanzia saa nne hadi saa tisa, kisha darasa la jioni. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikifundisha mazoezi ya Pilates, na hadi leo usiku wa kuamkia mafunzo silali vizuri. Kujifunza hakunitishi. Kinachonitisha ni kuambiwa kwamba jambo ninalolisema kila siku si kweli. Imeshanitokea mara mbili. Leo imekuwa ya tatu.

Saa kumi na mbili

Darasa la mkekani, watu wanane, wote wana haraka ya kuwahi kazini. Hapa hakuna la kusimulia.

Saa moja na nusu

Mzee wangu wa bega. Huja mara mbili kwa wiki, mwaka wa pili sasa, na huniita "mwalimu" ingawa umri wangu ni wa kitinda mimba wake. Daktari alishamwona akamruhusu afanye mazoezi. Kilichobaki ni mkono wa kulia unaogoma kufika juu.

Amelala chali kwenye rifoma, kile kitanda cha mazoezi chenye springi, mikanda mikononi, anainua mikono kuelekea dari na kuipitisha nyuma kwenye masikio. Wa kushoto unafika. Wa kulia unakwama njiani kama mlango uliovimba kwa mvua, na papo hapo mbavu zinafutuka juu.

"Shusha mabega, mzee," nikamwambia.

Akashusha. Mkono wa kulia ukazidi kubaki nyuma.

"Shusha tena, yatoke masikioni."

"Nikishusha mabega, mkono haupandi. Nikiuacha mkono upande, wewe unanigombeza. Sasa mwalimu, nishike lipi?"

Nikacheka, naye akacheka, tukahamia kwenye miguu.

Saa nne

Tuko walimu kumi na wanne, wote na madaftari. Jina la Pilates halina mwenyewe: mwaka 2000 mahakama moja ya New York iliamua kwamba ni jina la aina ya mazoezi tu, kama yoga. Ndiyo maana aliyesoma mamia ya saa na aliyesoma wikendi moja wote hujiita walimu wa Pilates. Kwa hiyo tunajiendeleza, na ukweli ni kwamba mafunzo mengi niliyohudhuria yalinirudisha nyumbani na mazoezi mapya ya kuwaonyesha wateja na si zaidi ya hapo. Joseph Pilates mwenyewe, mwanzilishi wa mazoezi haya, katika kitabu chake cha 1945, aliweka mazoezi 34 tu ya mkekani. Sisi tumeyazidisha kama sungura.

Mkufunzi wa leo alifungua kwa kusema hatatufundisha zoezi hata moja jipya. Watu wawili wakatazamana. Mmoja wao ni mimi.

Kazi ya kwanza: mwenzako anafanya zoezi, wewe unaandika unachokiona. Sifa hairuhusiwi, kosa haliruhusiwi. Niliandika "tumbo dhaifu", mkufunzi akaweka kidole juu ya neno hilo. "Udhaifu umeuona wapi? Ulichokiona ni visigino kupaa. Andika visigino." Jaribu siku moja, ewe mwalimu mwenzangu. Dakika tano bila kuhukumu ni ndefu ajabu.

Saa sita kasoro

Huyo wa visigino ni dada mmoja mrefu wa kiwiliwili. Zoezi lenyewe ni lile la kulala chali, miguu imenyooka, unanyanyuka pingili kwa pingili mpaka unakaa. Dada huyu hufika katikati, miguu ikapaa, akaanguka nyuma. Alituambia wazi kwamba miaka yote hii amekuwa akilionyesha kwa haraka ili wateja wake wasione.

Mkufunzi hakumwambia akaze chochote. Alimfunga vizito vidogo kwenye vifundo vya miguu, akamwambia arudie. Akanyanyuka hadi akakaa, taratibu, kisha akabaki ameduwaa.

Maelezo yake ni ya wenzo wa kawaida kabisa. Misuli inayokunja nyonga imeshika kiwiliwili upande mmoja na paja upande wa pili. Ikivuta, inainua upande mwepesi. Kiwiliwili kikiwa kirefu na kizito kuliko miguu, miguu ndiyo inayopaa. Tumbo lake halikupata nguvu ndani ya dakika moja. Kilichobadilika ni mizani. Mtu mwenye miguu mirefu hufanya zoezi hilohilo huku akipiga soga, nasi humsifu kwamba ana tumbo imara.

Baada ya hapo mkufunzi alituletea habari za Nikolai Bernstein, mtafiti wa Moscow aliyewapiga picha mafundi miaka ya 1920 wakigonga patasi kwa nyundo. Nyundo ilitua palepale kila pigo, ila bega, kiwiko na kifundo cha mkono havikupita njia moja mara mbili. Fundi stadi harudii mwendo. Anarudia matokeo, na mwili unatafuta njia upya kila mara. Nikakumbuka picha za darasa langu ninazojivunia, zile ambazo miguu yote iko pembe moja kama uzio.

Saa saba na nusu

Bega. Tuliambiwa tusimame wawili wawili, mmoja amkandamize mwenzake kombe la mkono, ule mfupa bapa wa mgongoni, alishikilie chini lisisogee. Kisha anayeshikwa ainue mkono.

Wangu ulikwama kabla ya kufika sikioni. Nikajikuta nimefutua mbavu ili nipate njia.

Mkono hupanda takriban nyuzi 180. Katika hizo, mfupa wa mkono kwenye tundu lake hutoa takriban 120, na 60 zilizobaki hutoka kwa kombe lenyewe, linalozunguka na kupanda juu ya mbavu. Uwiano huu wa mbili kwa moja ulichapishwa tangu 1944. Nilishausoma, nikaujibia mtihani, nikapata alama. Na miaka tisa nimewaambia watu wanaoinua mikono washushe mabega.

Mbavu za mzee wangu zilikuwa zinatafuta nyuzi nilizomnyima mimi.

Sisemi maneno hayo hayafai kabisa. Yupo anayepandisha bega kwenye sikio kabla mkono haujaondoka mapajani, na huyo ukimkumbusha unamsaidia. Hapo sikukubaliana na mkufunzi, anayetaka tunyamaze karibu darasa zima. Mgeni wa siku ya kwanza ukimnyamazia anaogopa. Tulibishana kidogo, kwa heshima.

Saa tisa na robo

Kimya ndani ya gari. Sikuwasha hata redio.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Darasa la jioni, watu kumi na moja. Nilijiwekea kazi moja: kuwaelekeza kwenye kitu kilicho nje ya mwili. Utafiti wa Gabriele Wulf wa 1998, kwenye mashine ya kuigiza kuteleza thelujini, uliwakuta walioelekezwa wafikirie magurudumu ya mashine wamejifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yao. Kwa hiyo "kaza paja" ikawa "sukuma sakafu". Mikono ilipopanda nikasema, "gusa ukuta wa nyuma," nikafunga mdomo. Ulimi uliniwasha. Mabega yakapanda na mikono, mbavu za wengi zikatulia bila mtu kuziambia.

Walipokuwa wakikunja mikeka, mama mmoja wa safu ya mbele alinisogelea.

"Mwalimu, una nini leo?"

"Kwa nini?"

"Hujatuambia tushushe mabega hata mara moja. Nikadhani umekasirika."

Saa mbili usiku

Kabla ya kufunga, nimetoa kadi ya mzee. Juu kabisa kuna mwandiko wangu wa siku yake ya kwanza: "Mabega yanapanda, rekebisha." Nimechukua kalamu nikakata neno la mwisho.