Mkanda mzima, tenshona imechoka

Mlio wenyewe ulikuwa wa asubuhi tu. Gari likishinda limelala usiku kucha, ukiliwasha alfajiri unasikia mbele ya injini ka-ka-ka-ka, kavu, ya haraka haraka. Hujamaliza kufunga mkanda wa kiti, umenyamaza. Kutwa nzima injini inanguruma bila tatizo. Ilikuwa mwaka 2019, masika yameshika Mombasa, nami nikiendesha Subaru Forester ya mwaka 2007, ile SG5 isiyo na tabo, injini EJ20 ya lita mbili.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ilikuwa upande wa Changamwe. Kwa foleni ya Makupa, nilifika injini ishachemka na mlio haupo. Fundi akaegemea boneti, akasikiza kidogo, akasema ni tapeti, vile vipande vinavyosukuma vali. Wa pili, huko Kisauni, akasema ni beringi za konrodi, injini ishushwe. Hakuna kati yao aliyeusikia ule mlio, na hakuna aliyetaka kuusikia. Mpaka leo jambo hili linanikera: mtu kutoa hukumu juu ya sauti ambayo haijafika sikioni mwake, na hukumu yenyewe iwe ni kupasua injini ya mwenzake.

Na Jumamosi ile tulikuwa na safari. Dada yangu alikuwa amejifungua Malindi, mama ameshafunga virago, leso za mzazi zimekunjwa juu ya sanduku. Jirani yetu wa Tudor ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Majengo, fundi wa Subaru, kila mtu akimwita Ami. Karakana yake ilikuwa ni uwanja wa mchanga chini ya mwarobaini, na mabati machache ya kuzuia mvua.

"Lalia wakati gani?" akaniuliza.

"Asubuhi, Ami. Likipata moto lanyamaza."

"Basi liache lilale hapa. Nawe njoo kesho baada ya sala ya alfajiri."

Hakufungua hata boneti. Nikamwachia ufunguo nikapanda matatu.

Asubuhi nilimkuta keshafanya mambo mawili. Alikuwa amevua fenibelti zote, ile mikanda ya nje, ili altaneta na pampu ya stelingi zisije zikasingiziwa. Tena alikuwa amefungua vile vifuniko vya plastiki vya ubavuni, vinavyoficha mkanda wa taiming, ule wa meno unaofanya vali na pistoni ziende kwa zamu. Kijana wake akakaa kwenye usukani, mimi nikachutama pamoja na Ami, tochi ya simu mkononi.

"Washa."

Ka-ka-ka-ka. Nikauona mkanda kwa macho yangu. Kile kipande kinachotoka kwenye gia ya kemshafti, mhimili unaofungua vali, kushuka chini kilikuwa kinatapatapa, kinapiga juu na chini. Halafu taratibu kikakaza, kikawa mstari ulionyooka, na sauti ikaisha.

"Umeona?" Ami akasema. "Zima, kijana."

Nikamwonyesha karatasi iliyobandikwa ndani ya boneti, ya maandishi ya Kijapani. Gereji za kule hubandika karatasi kama hizo kuonyesha mkanda umebadilishwa lini na gari likiwa na kilomita ngapi. Aliyeniuzia gari alinihakikishia kwamba mkanda ulikuwa umeshabadilishwa Japani, na kweli ulikuwa umebadilishwa. Ami akaipapasa ile karatasi kwa kidole.

"Mkanda hauna neno. Anayeushika ndiye aliyechoka."

Akanieleza huku akichora mchangani. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kulia, mbili kushoto, na mkanda mmoja mrefu unazunguka pande zote mbili. Tenshona ndiyo inayoukaza. Ndani yake mna springi na oili, na mpini mfupi wa chuma unaosukuma mkono wenye puli. Oili ikishavuja, mpini hauna tena nguvu ya kuzuia mkanda usirukeruke. Injini ikiwa baridi mkanda unalegea. Ikipata moto, aluminiamu inatanuka, gia zinasogea mbali kidogo na mkanda unakaza wenyewe. Ndiyo maana mchana gari lilikuwa linawadanganya mafundi.

"Ami, Jumamosi nampeleka mama Malindi."

"Sikwambii kwamba hamfiki. Nakwambia sijui mkanda utaruka mkiwa Mtwapa, au Kilifi, au pale kwenye msitu wa Arabuko. Na gari hini ukiruka meno, vali na pistoni zitakutana. Wasikia? Hapo utanunua vali, utafungua hedi zote mbili."

Tukaenda mjini kutafuta spea. Dukani alitolewa boksi zuri, lenye chapa inayong'aa. Akaitoa tenshona, akaigeuza, akatafuta alama iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, hakuiona, akairudisha bila ubishi. Duka la tatu tukapata yenye NTN, jina la kiwanda cha Kijapani, iliyochongwa kwenye beringi ya puli. Tukachukua na aidla, yaani puli za kuongoza mkanda, mbili laini na moja ya meno, pampu ya maji na mkanda mpya. Nilimuuliza mkanda wa nini, naye amesema huu hauna neno. Akasema umeshaonja oili ya tenshona na umetapatapa asubuhi nyingi, na kwamba hafungui mlango ule mara mbili kwa kuonea huruma mkanda. Na pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo, ikikwama leo au kesho kazi yote inarudiwa. Pesa zilizonitoka ziliniuma, lakini maneno yake sikuwa na la kuyajibu.

Boliti ya puli ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, boliti ya spana ya ishirini na mbili, ilikuwa imeshika kutu ya hewa ya pwani. Kijana akaizungushia puli fenibelti kuukuu ili isizunguke, Ami akavalisha bomba kwenye mpini wa spana, akalala nalo mpaka ikalia. Kisha akanionyesha alama. Gia ya krenki ina mshale mbele, na wengi huufuata. Ami hakuuangalia. Alitafuta mkato mdogo ulio kwenye ukingo wa nyuma wa gia, akaupeleka juu kabisa, ukaelekeana na mkato wa kwenye bloku. Gia mbili za kemshafti, kila moja na mstari wake juu. Mahali hapo pistoni zote ziko katikati ya silinda, hakuna vali ya kugongwa.

Tenshona ya zamani ilipotoka ilikuwa imelowa, oili imechanganyika na vumbi ikawa tope jeusi shingoni mwa mpini. Ami akaisimamisha juu ya ubao akaniambia nibonyeze kwa viganja. Mpini ukazama kama kidole kwenye embe lililoiva. Ile mpya ilikuja na pini iliyoibana. Kijana akauliza kama ile ya zamani haiwezi kubanwa kwenye vaisi na kurudishwa. Ami akamwambia hata iliyo nzima hubanwa ikiwa imesimama wima, polepole, dakika tatu au zaidi, ukiiharakisha unaiua kwa ndani. Hii ilikuwa imeshakufa.

Mkanda ukavaliwa, mistari yake myeupe ikakaa sawa na alama za gia. Ami akashika koleo, akachomoa pini. Mpini ukatoka, mkono wa puli ukasogea, na mkanda wote ukakaza mbele yetu. Akazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Nikaona mistari ya mkanda imehama, nikashtuka. "Mistari ya mkanda ni ya kuvalisha tu," akasema. "Wewe tazama za gia." Za gia zilikuwa zimerudi pale pale.

Hata hapo hakunipa gari. Lililala tena kwake, na alfajiri kijana akawasha tukiwa tumesimama sote. Injini ikashika, mkanda umetulia. Ami akarudisha vifuniko, ndipo akapokea pesa zake.

Jumamosi tukafika Malindi kabla ya adhuhuri, mama akaenda moja kwa moja kumchukua mtoto. Shemeji yangu naye ana Forester, ya rangi tofauti tu. Nilipomsimulia akacheka akasema lake halina wasiwasi, ameshabadilisha mkanda.

"Na tenshona?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo, akatoa simu kumpigia fundi wake.